Majina Waliyojipa Wateja Wangu

Mwaka 1999 niliajiriwa kwenye kafe ya intaneti Kariakoo, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa. Palikuwa na kompyuta chache zilizopangwa kuelekea ukutani, feni ya dari, stebilaiza iliyolia kila umeme ulipocheza, na laini moja ya simu tuliyogawana wote. Kazi yangu ilikuwa kupokea pesa, kuandika kwenye daftari saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na kuwafungulia imeili wateja ambao hawajawahi kugusa kompyuta. Kazi hiyo ya tatu ndiyo iliyonipa cha kusimulia. Nilikaa bega kwa bega na watu wazima, wenye kazi zao na familia zao, ambao kwa mara ya kwanza maishani walikuwa wakitakiwa wajipe jina wenyewe.

Kwetu mtu hajichagulii jina. La kuzaliwa bibi analitaja kabla hujafumbua macho, kwa kumrithi babu, au kwa kuwa umezaliwa Ijumaa, au kwa kuwa mwaka ule kulikuwa na njaa. La utani mtaa unakubandika, na mara nyingi ni lile usilolipenda. Ukijaribu kujibandika lako, wenzako wanacheka na kukurudishia la zamani. Waliokuwa na ruhusa ya kujiita watakavyo walikuwa wachache: washairi waliotia lakabu zao magazetini tangu enzi za Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, akiwemo malenga aliyejulikana kwa jina la Akilimali Snow-White, watuma salamu wa redioni, waliojaza kadi zao kwa majina yenye mbwembwe na kungoja kwa hamu mtangazaji ayasome, na wanamuziki. Fundi cherehani, karani wa bandarini na mama muuza vitenge hawakuwamo. Sasa walikuwa mbele ya kioo, fomu imewafungukia, na mimi nawauliza: tuandike nani?

Anwani nayo ilikuwa ya wengine. Mtu aliyetaka barua imfikie alitumia S.L.P. ya shule, ya kanisa, ya kiwanda au ya mjomba anayefanya kazi serikalini, na barua ilipita mikono mingi kabla ya kufika. Imeili za mwanzo Dar es Salaam zilikuwa za kulipia kila mwezi, na wenye nazo walikuwa maofisi na mashirika. Hotmail ilipoanza Julai 1996, na Yahoo ilipoanza kutoa imeili za bure Oktoba 1997, mlango ukafunguka kwa kila aliyeweza kulipa shilingi elfu moja ya saa moja ya kafe. Ndiyo maana wengine walikuja wamevaa vizuri. Mzee mmoja wa Ilala alikuja na kanzu ya Ijumaa na miwani mfukoni, siku ya Jumanne.

Wengi walianza kwa kutaja jina lao halisi, na fomu ikawajibu kwamba limeshachukuliwa. Jibu hilo liliwaumiza kuliko nilivyotarajia. Juma aliuliza ni Juma yupi huyo. Nikamweleza kwamba dunia nzima inagombea neno moja, na aliyewahi kalichukua, hata kama yuko Malaysia au Brazil. Kompyuta ilipendekeza yenyewe: jina lile lile na tarakimu nyuma yake. Hapo ndipo walipogawanyika. Kuna waliokubali haraka na kuweka mwaka wa kuzaliwa, au 255 ya simu za Tanzania, au 022 ya Dar es Salaam, au herufi mbili za tz. Na kuna walionyanyua mikono kutoka kwenye kibodi, wakakaa wanatazama dari. Hao ndio niliowapenda, ingawa walikuwa wakinichelewesha na foleni nyuma yao ikinung'unika.

Nilijifunza kuwauliza swali moja: nani atakayeliona jina hili? Jibu lilikuja upesi, na jina likafuata. Binti aliyekuwa akiomba nafasi ya kusoma Uingereza alisema ataliona profesa, tukaandika jina lake na la baba yake, bila pambo. Kijana aliyekuwa na mchumba Uarabuni alisema ataliona yeye tu, akaunganisha nusu ya jina lake na nusu ya jina la mchumba, na kilichotoka hakikutamkika, lakini alitoka pale amesimama wima. Mfanyabiashara wa zipu na vifungo, mwenye duka Mtaa wa Narung'ombe, alisema ataliona mtu wa Dubai anayemtumia mzigo. Alitaka jina la mtaa. Fomu ikakataa ule mkato wa juu wa ng', kwa kuwa ilikubali herufi, tarakimu, nukta na kistari cha chini pekee. Alifikiri kidogo akasema, “Dada, weka zipu mbele. Akinisahau mimi, zipu hatazisahau.” Tukaandika zipu, kistari cha chini, narungombe. Jina lile lilimfaa miaka yote ya biashara yake.

Ule mkato uliwasumbua wengi. Wateja wa Kisukuma ambao majina ya koo zao yanaanza kwa Ng' walilazimika kuuacha mlangoni. Fomu yenyewe ilitungwa na mtu aliyedhani kila binadamu ana jina la kwanza na jina la ukoo. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Mapacha wawili wa Temeke walijaza siku moja, mmoja akaweka la baba mwisho, mwingine la babu, na kwa kompyuta hawakuwa ndugu tena. Kisha likaja swali la siri, lile la kukusaidia ukisahau paswedi. Mojawapo ya maswali lilikuwa jina la mnyama unayemfuga. Kariakoo! Mama mmoja aliniambia anafuga kuku, na kuku hawana majina, ila jogoo wake anaitwa Sheikh kwa sababu anaamsha watu alfajiri. Tukaandika Sheikh.

Nitakaa kidogo kwa akina mama, kwa sababu kwao swali la jina lilikuwa zito zaidi. Mwanamke akishazaa anaitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, na baada ya miaka kumi jina lake mwenyewe linabaki kwenye kadi ya kliniki na benki tu. Nilimuuliza mama mmoja wa makamo, muuza vitenge, jina lake la kuandika. Akasema, “Mama Rehema.” Nikamwambia linaweza kuandikwa hivyo hivyo, au tuweke lake. Akanyamaza. Kisha akalitaja lake taratibu, herufi kwa herufi, akiniangalia kama nimesikia vizuri. Alipoliona kwenye kioo aliniomba nisilifunge dirisha mpaka alitazame. Kilichonigusa ni kwamba baada ya kulitazama alibadili mawazo. Alisema watakaomwandikia ni mawakala wa vitenge na dada zake, na wote hao wanamjua Mama Rehema, hilo jingine wataliuliza ni la nani. Tukaandika mamarehema na tarakimu. Paswedi ndiyo aliyoiweka jina lake. Kila alipofungua barua, alianza kwa kujiandika.

Jioni kafe ilibadilika. Wafanyabiashara waliondoka, vijana wakaingia, na kilichofunguliwa kilikuwa vyumba vya kuchati. Programu waliyoipenda iliitwa mIRC, iliyotungwa na Khaled Mardam-Bey mwaka 1995, na ilitumia mtandao wa mazungumzo uliobuniwa na Jarkko Oikarinen huko Oulu, Finland, Agosti 1988. Fundi wetu ndiye aliyenisimulia habari hizo, naye alizisimulia kwa heshima kubwa. Kanuni za mtandao ule zilikuwa kali: jina lisizidi herufi 9. Waswahili tunapenda majina marefu. Kijana wa Mwananyamala aliyetaka kujiita kwa mtaa wake alikatwa katikati akawa Mwananyam, na wenzake hawakumwacha salama tangu siku hiyo. Mtandao uliishi Kariakoo lakini ulihesabu herufi za watu wa mbali, na vijana wakajifunza ufundi wa kubana: vokali zikaondolewa, k ikasimama badala ya ka, na 2 ikasomwa tu.

Jambo la pili la mtandao ule ni kwamba jina halikuwa lako. Ulikuwa nalo ukiwa ndani. Ukitoka, yeyote aliweza kulichukua. Tulikuwa na wateja wawili, mshabiki wa Simba na mshabiki wa Yanga. Wa Simba alijiita Msimbazi, wa Yanga Jangwani, na majina yote mawili yana herufi 8, kwa hiyo yaliingia bila kukatwa. Yanga walikuwa na timu nzuri siku hizo na Jangwani alikuwa na maneno mengi. Usiku mmoja aliwahi kufika, akaingia chumbani kwa jina la Msimbazi, akaanza kuisifu Yanga mbele ya Watanzania wote waliokuwa humo, wa Dar, wa London, wa Houston, kana kwamba ni Msimbazi mwenyewe aliyehama timu. Msimbazi alipopanda ngazi akakuta watu wa nchi tatu wanampongeza kwa kuiona njia. Nilidhani watapigana. Badala yake tangu usiku huo alikuwa akifika kabla hatujawasha taa za nje, analipa saa nzima, anaingia, anakaa na jina lake. Wakati mwingine hakuandika hata mstari. Alikuwa analilinda.

Chumbani humo kila aliyeingia aliulizwa maswali matatu yale yale: umri, jinsia, mahali. Vijana wakaona bora jina lenyewe lijibu, likawa na herufi za mji na miaka ya mtu ndani yake. Kwa wanaume ilirahisisha mambo. Mwanamke akiingia kwa jina la kike, madirisha ya watu binafsi yalimfungukia kwa wingi mpaka kompyuta ikaganda. Nilishuhudia hilo nikiwa nimekaa pembeni ya katibu muhtasi wa ofisi moja ya Posta, aliyekuja kila Ijumaa baada ya kazi. Alitaka kuzungumza habari za vitabu. Wiki ya kwanza aliingia kwa jina lake na hakuzungumza habari ya kitabu hata kimoja. Wiki iliyofuata alijiita Masudi. Masudi alisikilizwa, Masudi alibishiwa kwa hoja, Masudi aliulizwa maoni. Aliniambia kwamba anajisikia vibaya kudanganya. Nilimwambia, na ningemwambia tena leo, kwamba hajamdanganya mtu yeyote kuhusu vitabu.

Redio za mjini nazo zilitufundisha majina. Bongo Fleva ilikuwa imepamba moto, na wanamuziki wake walijibatiza hadharani. Joseph Mbilinyi alianza kama 2-Proud, akawa Mr. II, akawa Sugu, na mwaka 2010 akaingia bungeni kwa kura za Mbeya Mjini, huku wapiga kura wake wakiendelea kumwita Sugu. Judith Wambura alikuwa Lady Jaydee. Nilifungua imeili za kina Lady wengi mno miaka ile, na za kina Mista, na za Mzee wa hiki na Mzee wa kile wakati mzee mwenyewe hajaota ndevu.

Sasa yule mzee wa kanzu. Alikuwa malenga. Mashairi yake yalikuwa yakitoka magazetini kwa miaka mingi, na kwenye ubeti wa mwisho alijitaja kwa lakabu ya Nahodha. Alikuja kwa kuwa mhariri alimwambia mashairi ya imeili yanafika upesi kuliko ya posta. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa, akaweka bakora kati ya magoti. Nikaandika nahodha. Likakataliwa.

“Limechukuliwa na nani?”

“Sijui, babu. Kompyuta haisemi.”

“Sasa huyu tunampataje?”

Nikamweleza kwamba tunaweza kumwandikia, kwa sababu tunaijua anwani yake: ni ile tunayoitaka sisi. Akapenda sana. Lakini kwanza alihitaji anwani ya kuandikia. Nikampa mapendekezo ya kompyuta, nahodha na tarakimu zake. Akatikisa kichwa. “Mwanangu, wenye namba ni magari na wafungwa.” Akafunga macho, nikaona vidole vyake vinagonga kwenye bakora, gumba kwenda kidole cha mwisho na kurudi. Alikuwa anahesabu mizani. Kisha akatamka: Nahodha wa Mzizima. Na-ho-dha-wa-m-zi-zi-ma, mizani nane, kipande kimoja kamili cha mshororo. Mzizima ndilo jina la zamani la mahali ulipojengwa mji wa Dar es Salaam. Nikaliandika likiwa limeungana, herufi 16, na fomu ikalipokea mara moja, kwa kuwa hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa amelifikiria. Sijawahi kuona jina la imeili lililotungwa kwa adabu namna ile, na nimeona mengi.

Barua yake ya kwanza aliniandikisha mimi, yeye akisema. Ilikuwa beti tatu kwa mwenye jina la nahodha, akimsalimu, akimuuliza chombo chake ni kipi, na upepo gani uliompeleka kwenye jina la watu. Alirudi mara kwa mara kuangalia majibu. Yalikuja baada ya muda, kutoka Muscat, kwa Kiswahili cha Unguja. Mwandishi alisema babu yake alikuwa nahodha wa jahazi lililokuja Zanzibar na kurudi kila musimu, kwamba yeye mwenyewe ni mtu wa ofisini asiyejua hata kuogelea, na kwamba alilichukua jina lile ili awe na kitu cha babu. Mashairi hajui, lakini mama yake amezisoma zile beti na ameomba zaidi. Malenga alinyamaza kitambo. Akasema, “Basi ni lake.” Wakaandikiana mpaka kafe ilipofungwa kwa muda kwa sababu ya mgawo wa umeme mwaka 2006, na nilipowafungulia tena bado walikuwa wakiandikiana, na kwa hakika zaidi ya nusu ya barua zilikuwa za yule mama.

Mwaka huo huo, Februari, ilitoka habari iliyonikasirisha. Iligundulika kwamba Yahoo ilikuwa ikikataa jina lolote la kujisajili lenye herufi za Allah ndani yake, na watu wa ukoo wa Callahan huko Marekani walikuwa wamejikuta nje. Baada ya kupigiwa kelele kampuni ikaondoa katazo hilo. Magazeti ya Ulaya na Marekani yaliandika habari za akina Callahan. Mimi niliwafikiria akina Abdallah. Kwenye mtaa mmoja tu wa Kariakoo wako wangapi? Chujio lililowekwa na mtu mmoja mbali huko liliweza kumwambia mtu kwamba jina alilopewa na baba yake halifai, na wala lisimpe sababu.

Gmail ilikuwa imeanza tarehe 1 Aprili 2004, kwa mwaliko tu, na mwaliko ukawa kitu cha kuombana. Kwa wateja wangu ilikuwa nafasi ya pili. Wale wale waliojiita Mtoto wa Mjini na Mzee wa Totoz walirudi wakiwa na mashati yaliyopigwa pasi na bahasha za vyeti mkononi, wakitaka jina la kwanza, nukta, jina la mwisho. Hawakuhitaji tena swali langu. Waajiri ndio watakaoliona. Jangwani alikuwa miongoni mwao. Nilishangaa kugundua kwamba jina lake halisi silijui, ingawa nimempa soda kwa mkopo tangu 2000. Nilifurahi kwa ajili yao, na pia nilisikitika, kwa sababu majina yalianza kufanana. Daftari langu la wateja wa miaka ya mwanzo ni kitabu cha kusomwa. La miaka ya mwisho ni orodha ya wapiga kura.

Mara ya mwisho kuiona kafe imejaa kwa ajili ya jina ilikuwa Jumamosi ya tarehe 13 Juni 2009. Facebook ilitangaza kwamba usiku wa manane wa pwani ya mashariki ya Marekani itaruhusu watu wachague majina ya anwani za kurasa zao, wa kwanza ndiye wa kwanza. Kwetu ilikuwa saa moja asubuhi. Vijana waliweka nafasi tangu Ijumaa. Mkonga wa SEACOM ulikuwa haujaanza kazi, ulianza Julai, kwa hiyo tuliingia kwa kasi ile ile ya kuvuta kamba, na ukurasa ulifunguka kuanzia juu kushuka taratibu huku watu wakisali. Waliowahi walipiga vigelegele kwa kupata jina lao tupu, bila tarakimu. Baada ya hapo simu na modemu za kuchomeka zikaingia, wateja wakapungua, na miaka miwili baadaye tukauza kompyuta kwa bei ya kutupa.

Simu ilileta jambo jingine. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, kila uliyemtumia pesa ulirudishiwa ujumbe wenye jina lake alilosajilia laini. Kwenye michango ya msiba, watu waliofahamiana kwa lakabu muda mrefu walijuana majina ya serikali kwa mara ya kwanza. Pesa haikubali lakabu, na sioni ubaya wake hapo. Nataka kujua ninayempa ni nani.

Kwenye maneno ni tofauti, na hili nalisema kwa sababu nilikaa na yule katibu muhtasi. JamiiForums, iliyoanzishwa mwaka 2006 kwa jina la Jambo Forums, iliwapa Watanzania mahali pa kusema mambo ya nchi kwa majina ya kubuni. Humo yalifichuliwa mambo ambayo mtumishi wa umma asingeyasema kwa jina lake akabaki na kazi. Desemba 2016 mmoja wa waanzilishi wake, Maxence Melo, alikamatwa na kufikishwa mahakamani chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, baada ya kutotoa taarifa za watumiaji zilizotakiwa na polisi. Alirudi mahakamani mara nyingi, mno kwa mtu anayekataa tu kutaja majina ya watu. Mwaka 2019 Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari, ya New York, ilimpa tuzo yake ya kimataifa. Na mwaka 2018 kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilizitaka kafe za intaneti zifunge kamera. Kafe yetu ilikuwa imeshafungwa. Namshukuru Mungu, maana sijui ningemwelezaje Masudi.

Mfanyabiashara wa zipu alifariki mwaka 2012. Mwaka uliofuata Yahoo ilitangaza kwamba majina yaliyokaa zaidi ya mwaka bila kutumika yataachiliwa yachukuliwe na wengine, na watu wakaanza kuorodhesha majina wanayoyatamani. Mkewe alisikia kutoka kwa mwanawe, akanitafuta mpaka akanipata nyumbani. Alikuwa na paswedi, marehemu alimwachia. Alichotaka kujua ni kama jina la imeili linaweza kuingizwa kwenye mirathi pamoja na duka. Nikamwambia masharti ya kampuni hayaruhusu akaunti kurithishwa, lakini kwamba mradi mtu anaingia mara kwa mara, jina halionekani kuwa limelala. Tukafungua pamoja. Kulikuwa na barua nyingi ambazo hazijasomwa, nyingine za Dubai, nyingine za Guangzhou, ambako mumewe alihamishia manunuzi. Bei mpya, picha za sampuli, swali la mzigo uliokwama.

Hakufunga dirisha. Aliniomba nimsomee ya juu kabisa, ile ya mzigo, kisha akaniambia nini cha kujibu, kwa bei aliyokuwa anaijua kuliko mimi. Duka la Narung'ombe analiendesha yeye sasa. Wachina bado wanamwandikia kwa jina lile lile, wanaanza na “Mister”, naye anawajibu bila kuwasahihisha, na kontena zinafika.